Kamba Haikukatika

Mama yangu alikuwa mpotaji kamba wa Uroa, pwani ya mashariki ya Unguja, na mimi nilijifunza kwake kabla sijajua kusuka nywele. Makumbi ya nazi tulikuwa tukiyafukia pwani, kwenye mashimo ya mchanga yanayofunikwa na maji ya bahari kila yanapojaa. Tuliyawekea mawe juu yasielee, tukayaacha mpaka yaoze. Yakishaoza tuliyafukua na kuyaponda kwa rungu, na harufu yake ikaingia kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye wali. Skuli wasichana wenzangu walikuwa wakihama benchi nikikaa. Kinachobaki ukishaponda ni usumba, nyuzi za rangi ya kahawia, na huo ndio mama aliokaa nao barazani, miguu kaitandaza, akiupota juu ya paja. Paja lake la kulia lilikuwa gumu kama kisigino.

Kupota, wengi waliweza. Kazi ilikuwa kuunga. Kamba ikikatika watu hupiga fundo, na fundo linashika, lakini kamba yenye fundo haipiti kwenye panda ya mti, hukwama, na mzigo ukiwa mzito itakatika pale pale pembeni mwa fundo. Mama alikuwa akizifumua ncha mbili zilizokatika, kila ncha ikatoa nyuzi zake nene tatu, akazikutanisha kama mtu anayepachanya vidole vya mikono miwili. Halafu akazipitisha moja moja, juu ya huu, chini ya ule, kwa kijiti cha mkoko alichokichonga mwenyewe. Akimaliza aliiviringisha chini ya unyayo. Ukipitisha kiganja ulihisi unene kidogo tu, basi.

"Usiivute kwa hasira," aliniambia. "Ivute kama unamvisha mtoto mchanga nguo."

Nilipokuwa mwari, kamba za nailoni zilikuwa zishajaa madukani na wanunuzi wa mama wamebaki waezekaji makuti tu. Mama akahamia kwenye kulima mwani kama wanawake wengine. Kamba alipota kwa mazoea, zikarundikana uvunguni.

Ndipo akaja mkwezi mmoja kutoka mjini. Hoteli ya pwani ilikuwa imemwita kuangua nazi za minazi yake, zisije zikawaangukia wageni vichwani. Alikuwa mwembamba, ana makovu kifuani kwa kukumbatia minazi tangu utoto, na mkononi kashika kamba ya nailoni iliyolika katikati.

"Shikamoo, mama. Nnasikia wewe unaunga kamba."

"Marahaba." Mama akaipokea, akaipeleka puani, akamrudishia. "Hii si kamba, hii plastiki. Mpe huyu. Vijana ndio mnaoyajua haya."

Nikaichukua. Nailoni inateleza, ukiipitisha kama unavyopitisha usumba itajifumua yenyewe. Niliharibu mara kadhaa, mwisho nikaona dawa yake ni kuzidisha kupitisha, kisha kuzichoma ncha kwenye jiko mpaka zigande. Alipokuja kuichukua, hakusema ahsante kwanza. Alikwea mnazi wa uani kwetu, akaifunga juu, akajining'iniza kwa uzito wake wote, miguu inapiga hewa, anacheka.

"Shuka!" mama akapiga kelele. "Mnazi wenyewe si wako huo!"

Baada ya siku chache akarudi na kamba nyingine. Mama aliitazama ile ncha, akanitazama mimi, akamtazama yeye.

"Kijana, hii haikukatika. Hii umeikata mwenyewe kwa kisu."

"Naam, mama," akasema, kainama.

Posa ilikuja kabla ya mwezi kwisha.

Tulikaa Mpendae, huko mjini, nyumbani kwa mama yake, chumba cha uani chenye mlango wa bati, na humo akazaliwa binti yetu. Mavyaa wangu alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Hakunichukia. Alikuwa na mwana mmoja tu, na huyo mmoja kachagua kazi ya kukaa juu ya miti, kwa hivyo moyo wake ulikuwa siku zote uko juu juu, na yeyote aliyekaa karibu alipata sehemu yake ya woga ule.

Kazi ya nazi ilikuwa ikipungua. Minazi inakatwa, panajengwa. Mume wangu akageukia kukata miti ya mjini: miembe iliyolalia mapaa, mikungu iliyopasua kuta, mivinje iliyogusa nyaya za umeme. Mti wa shamba unaukata chini, unaanguka, umemaliza. Mti wa Mji Mkongwe hauna pa kuanguka. Huku ukuta, huku bati la jirani, chini kisima. Inabidi upande, ujifunge, ukate tawi kwa tawi, na kila tawi ulifunge kamba na kulishusha pole pole. Chini alikuwepo mwenzake, mtu mzima mwenye mikono kama makasia, aliyefanya naye kazi miaka mingi. Huyo ndiye aliyekuwa akizungusha kamba kwenye shina na kuiachia kidogo kidogo.

Na mimi nilikuwa wa kamba. Kila jioni aliziweka mbele yangu uani, na mimi nikazipitisha zote kiganjani, pima kwa pima. Palipolika nilikata na kuunga. Mwisho wa kila kamba nilitengeneza kitanzi, nyuzi zimerudishwa ndani ya kamba yenyewe, ambacho hakifunguki wala hakikazi. Majirani walikuwa wakipita wananitania: mwanamke mzima unacheza na kamba. Yeye aliwaambia, "Mwacheni. Huyu ndiye anayenishika mimi."

Alizoea kuyasema hayo, na mimi nilizoea kuyasikia, nikaona ni maneno tu ya mume.

Siku yenyewe aliondoka asubuhi na mwenzake kwenda kwenye nyumba moja ya Mji Mkongwe, ya bibi mmoja wa ukoo wa Kiarabu aliyebaki peke yake kwenye vyumba vingi. Uani kwake palikuwa na mkungu mkubwa, na tawi lake moja lilikuwa limeegemea ukuta mpaka ukuta umefanya tumbo. Kabla ya adhuhuri mume wangu alinipigia simu.

"Kitanzi cha kamba ya kushushia kimelika ukutani. Nshashuka, nnakungoja. Njoo na kijiti chako."

Nilikwenda. Yule bibi alinikaribisha mwenyewe, akanipa kahawa na kipande cha halua, akaomba radhi kwa vumbi. Nikakaa kwenye ngazi za mawe, nikakikata kitanzi kilicholika na kutengeneza kipya. Mume wangu alichuchumaa pembeni yangu akila halua yangu.

"Umechoka?" nikamuuliza.

"Mti mzuri huu," akasema. "Unasikitisha kuukata. Tazama majani yalivyo."

Na kweli, majani yalikuwa tele, mabichi, mapana. Hakuna mtu aliyeweza kujua. Upande wa ukutani, pasipofika jicho, mchwa walikuwa wameingia na kula moyo wa mti, wakaacha gome na ubao mwembamba kama wa kasha.

Nilipomaliza alikivuta kitanzi kwa mguu na mikono, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akapanda tena. Alijifunga kiunoni kwa kamba yake nyingine, niliyoiunga wiki ile ile, akaizungusha kwenye panda nene iliyo juu yake. Nilimuona akiipiga ile panda kwa kiganja, mara mbili tatu, kama mtu anayempiga ng'ombe mgongoni. Kisha akaegemea nyuma, akaiachia kamba imchukue.

Mlio ulikuwa mkavu, mdogo kuliko nilivyotarajia kwa kitu kikubwa namna ile. Panda yote iling'oka na yeye akaja nayo. Alianguka kwa mgongo kwenye ukingo wa ngazi, hatua chache kutoka nilipokaa, na panda ikaanguka pembeni, majani yakatufunika sote.

Mwenzake alikuwa wa kwanza kuyaondoa majani. Mume wangu alikuwa na macho wazi, ananitazama. Hakuwa na damu. Nikasema alhamdulillah.

"Miguu yangu iko wapi?" akaniuliza.

"Iko hapa."

"Hebu ninyanyulie."

Nilikuwa nshainyanyua. Yote miwili ilikuwa mapajani kwangu.

Wakati tunangoja gari, yule bibi ameketi chini kwenye vumbi na kanga yake nzuri, akimpangusa mume wangu uso kwa maji ya waridi, mimi nilimfungua mume wangu kamba kiunoni ili apumue. Ncha ya pili ilikuwa bado imeikumbatia ile panda iliyovunjika. Nikaiona sehemu niliyoiunga. Haikusogea hata uzi mmoja. Ilikuwa imekaza vile vile, na mti ndani yake ni unga.

Hospitali kuu walituweka muda mrefu. Daktari, kijana mpole, alikuja akavuta kiti, jambo lililonitisha kuliko chochote, maana wengine wote walizungumza wamesimama. Akamwambia mume wangu mwenyewe, si mimi, kwamba uti wa mgongo umekatika na hatatembea.

"Hata kwa fimbo?" mume wangu akauliza.

"Hata kwa fimbo, kaka yangu."

Akashukuru. Alimshukuru kwa sauti ya kawaida, kama ameelekezwa njia.

Habari mjini hazingoji. Watu waliokuja kumtazama walikuwa wameshazipata: kamba imekatika. Kila aliyeingia alisema hivyo, kwa huruma, huku akinitupia jicho, maana Mpendae nzima ilinijua kwa kamba zangu. Kwanza nilikuwa nikieleza. Mti ulikuwa umeliwa na mchwa, panda iling'oka, kamba ilibaki nzima. Walinisikiliza na kusema, "Mungu ndiye ajuaye," neno la kweli, ila wakilisema wao lilinifunga mdomo.

Mavyaa wangu hakusema mbele ya watu. Alinisubiri kwenye korido.

"Ile uliyoiunga wiki hii ndiyo aliyokuwa nayo?"

"Ndiyo, mama. Haikukatika. Ninayo nyumbani, nitakuletea uione."

"Sitaki kuiona kamba."

Niliileta hata hivyo, ndani ya mfuko. Aligeuza uso ukutani. Mume wangu akasema kutoka kitandani, "Mama, mti ndio ulioniangusha. Mimi nilikuwa juu, nimeona."

"Mti hausemi, mwanangu," akajibu.

Tulimrudisha nyumbani akiwa mwepesi, kama kwamba miguu ilikuwa ndiyo uzito wake wote. Mikono bado ilikuwa ya mkwezi. Hiyo mikono ndiyo iliyonitia tamaa. Nilinunua kamba ya pamba, laini, isiyochubua, nikatengeneza vitanzi viwili vya kushikia, vipana, nikavizungushia vitambaa vya kanga. Kaka yangu alikuja kutoka Uroa akaifunga kwenye boriti juu ya kitanda. Sijawahi kuunga kamba kwa uangalifu namna ile. Nilipitisha nyuzi zaidi ya inavyotakiwa, nikazipunguza unene kidogo kidogo mwishoni mpaka huwezi kujua zinaishia wapi.

Alivishika vile vitanzi, akavuta, na kifua chake chote kikanyanyuka. Akakaa. Alikuwa hajakaa kwa nguvu zake tangu siku ile. Akatuangalia sote mle chumbani kutoka juu kidogo, mimi, mama yake, binti yetu mdogo, akacheka.

"Nnaona dirishani," akasema.

Kwa muda fulani tuliishi kwa kamba ile. Asubuhi alijivuta mara nyingi kama mtu anayefanya mazoezi, mchana akajivuta kula, alasiri akajivuta kuwaona wageni. Wageni walikuwa wengi mwanzoni. Yule bibi wa Mji Mkongwe alikuja mwenyewe, na baadaye alileta chakula kila Ijumaa mpaka wanawe walio nje ya nchi walipomchukua na nyumba ikafungwa. Mwenzake wa kazini alikuja kila siku, kisha kila Ijumaa, kisha siku moja akaja, akakaa akivitazama vile vitanzi juu ya kitanda.

"Una lako," mume wangu akamwambia. "Sema."

"Nimepata kazi. Miembe, huko shamba. Nitapanda mwenyewe." Akaangalia sakafu. "Zile kamba zenu ni nzuri kuliko za dukani."

Mume wangu alinitazama. Nikatoka uani nikazileta zote, pamoja na ile aliyoanguka nayo. Yule mtu aliijua. Aliipitisha kiganjani mpaka akafika pale nilipounga, akasimama hapo.

"Hii bado nzima," akasema, kama anajitetea.

"Ilikuwa nzima siku zote," mume wangu akamjibu.

Alizichukua, na hakurudi tena kutuona. Sikumlaumu. Mtu anayepanda miti hawezi kuwa anakuja kukitazama kitanda kile.

Vidonda vilianza nyuma, chini ya kiuno, mahali asipoweza kuhisi. Nilikuwa nikimgeuza, nikimwosha, nikimpaka dawa za hospitali na za majani ambazo mama alileta kutoka Uroa. Kidonda kimoja kikifunga, kingine kilifunguka. Muuguzi aliyekuwa akija alinifundisha kila kitu na nilikifanya, na vidonda havikujali. Homa zikaja, zikaondoka, zikaja. Kila homa ilichukua kipande cha mikono yake. Niliona makovu ya kifuani yanalegea, ngozi inajikunja juu ya mifupa.

Kwanza aliacha kujivuta asubuhi. Halafu alivuta nusu, akatetemeka, akashuka. Nikaiteremsha kamba chini kidogo ili asinyooshe sana. Nikaiteremsha tena. Mwisho vitanzi vilikuwa vinagusa kifua chake na yeye kavishika tu, kama mtu aliyeshika tasbihi.

Asubuhi moja, ninamlisha uji, akageuza uso.

"Itoe hii kamba."

"Nitaiteremsha kidogo tena."

"Itoe, mke wangu. Nikifumbua macho ndiyo ninayoiona kwanza."

"Utapata nguvu, homa ikitoka—"

"Sikiliza." Alisema taratibu, bila hasira, na upole ule ndio ulionimaliza. "Ni nzuri. Hujapata kutengeneza nzuri kama hii. Lakini mimi siwezi kuifikia, na wewe kila siku unanitazama kama nitaifikia. Nnachoka kutazamwa."

Nikaweka bakuli chini, nikapanda kwenye kiti, nikaifungua kwenye boriti. Nilitaka kulia lakini alikuwa ananitazama, kwa hiyo sikulia. Mavyaa alipita mlangoni, akaona nilivyoikunja mkononi, akaendelea na njia yake. Ile kamba binti yangu aliichukua uani kuchezea, mvua ikainyeshea, ikaoza. Pamba huoza upesi.

Alifariki wakati wa masika. Hakukuwa na maneno ya mwisho. Alikuwa amelala, nilitoka kuanua nguo, niliporudi alikuwa amekwenda. Mama yake alinikumbatia siku ile, mara ya kwanza na ya mwisho, akalia begani kwangu, na katikati ya kilio akasema, "Laiti ile kamba." Alikuwa akimlilia mwanawe, na mimi si mtu wa kubishana wakati maiti iko ndani.

Nilikaa eda katika chumba kile kile. Baada ya eda kaka yangu alikuja kunichukua na binti yangu, tukarudi Uroa, na kwa kweli hakuna aliyetuomba tubaki. Nimekuwa hapa tangu wakati huo. Ninafua mashuka kwenye hoteli, si ile aliyoangua nazi mume wangu, nyingine. Sehemu ya pwani yenye mashimo yetu imezungushiwa ukuta. Hoteli ilileta watu kukata minazi, wana mikanda yenye chuma na kamba za rangi zilizoshonwa kiwandani. Nilisimama na mashuka yangu nikawatazama. Mmoja aliniuliza kama ninataka kitu. Nikamwambia hapana.

Mama yangu yu hai, lakini akili yake inakuja na kuondoka. Ananijua mimi, anamjua mjukuu wake. Kifo cha mkwe wake hakikai kichwani mwake. Karibu kila asubuhi, ninapomwandalia chai kabla ya kwenda kazini, ananiuliza.

"Mumeo hajambo?"

"Amefariki, mama."

Hapo hushika kichwa, akalia kama anasikia kwa mara ya kwanza, na kwake yeye ndivyo. Nikimbembeleza akatulia, huuliza imekuwaje, nami ninamwambia alianguka mtini. Kisha anauliza lile lililobaki, kwa sababu hata akili ikiondoka yeye ni mpotaji kamba.

"Kamba yako iliachia?"

Kwa muda mrefu nilikuwa nikimweleza yote. Mkungu, mchwa, panda, ule unga ndani ya gome. Nilikuwa ninamwonyesha kwa vidole nilivyopitisha nyuzi, na yeye akikubali kwa kichwa, akisema nimefanya sawa, ndivyo inavyotakiwa. Hayo maneno niliyahitaji. Yeye peke yake ndiye aliyeweza kuniambia kwa ujuzi. Lakini kesho yake aliuliza tena kwa jicho lile lile la wasiwasi, na mimi nikaanza tena kujitetea mbele ya mama yangu kama kwamba jana haikuwepo. Na kesho yake. Na kesho yake.

Mwaka huu, asubuhi moja ya upepo wa kusi, nilikuwa nimechelewa, gari la hoteli linapiga honi barabarani, na mama akaniuliza.

"Kamba yako iliachia, mwanangu?"

"Ndiyo, mama," nikasema. "Iliachia."

Aliniangalia. Nilifikiri atalia, au atanigombeza. Alinyoosha mkono akanishika kiganja, akakipapasa kwa dole gumba lake.

"Pole," akasema. "Huwa zinaachia."

Kisha akaivuta chai yake karibu, na hakuuliza zaidi. Tangu siku ile ninamjibu hivyo. Ni jibu fupi, na halimlizi sana.